Kaka alinisomesha niwe mfamasia, moyo wangu uko jukwaani

Shikamoo Bi Mshauri,

Nina miaka 28, ni mfamasia katika hospitali kubwa, sijaolewa. Baba alifariki nikiwa sekondari, na aliyebeba ada yangu mpaka nikamaliza chuo ni kaka yangu mkubwa. Aliahirisha mambo yake mengi kwa ajili yangu. Nalitanguliza hili kwa sababu ndilo linaloninyima usingizi kuliko mengine.

Jioni nikitoka kazini huwa naigiza na kikundi cha michezo ya jukwaani. Niliingia kwa kumsindikiza rafiki. Kazi yangu ilikuwa kushika muswada na kuwakumbusha wenzangu mistari waliyosahau. Kisha mwigizaji mmoja akaugua, nikaambiwa nisimame mahali pake kwa sababu mistari yote nilikuwa nayo kichwani. Tangu hapo sijashika tena muswada wa mtu mwingine. Mimi ni mtu wa aibu sana, Bi Mshauri. Kwenye kikao cha idara nikiulizwa swali sauti inakauka. Lakini nikishavaa uhusika aibu sijui inakwenda wapi.

Sasa kikundi kimepata mfadhili wa kuzunguka na mchezo wetu mpya kwa miezi sita, na mimi nimepewa uhusika mkuu, mwanamke aliyefiwa na mume. Malipo yapo, lakini hayafiki nusu ya mshahara wangu. Nikikubali, lazima niache kazi. Na rafiki zangu wa kikundi wanasema nikishaacha nisirudi tena, niunganishe moja kwa moja na chuo cha sanaa. Mwongozaji anataka jibu mwisho wa mwezi.

Kinachonichanganya kwanza ni machozi. Kuna onyesho ambalo mwongozaji anataka nilie. Aliniambia nikumbuke mazishi ya baba. Nikakumbuka, nikalia, wenzangu wakapiga makofi. Kesho yake nikajaribu tena, hata chozi moja halikutoka, na usiku ule nilikaa macho mpaka alfajiri namwona baba. Mama mmoja, mkongwe wa kikundi, akanivuta pembeni akasema, "Achana na machozi. Wewe kunja nguo za marehemu, basi." Nikakunja. Shati moja lilikuwa limetoka kifungo. Nikajikuta nakitafuta sakafuni, napapasa chini ya kiti, nainua mkeka, na mistari yangu naisema hukohuko chini. Nilipoinua kichwa, watu waliokuwa wanapiga soga ukumbini walikuwa wamenyamaza. Sikulia. Mwongozaji alisema ni nzuri ila bado anataka machozi. Je, mtu asiyeweza kulia anapotakiwa ni mwigizaji kweli?

Pili ni usaili. Nilikwenda kwenye usaili wa tamthilia ya televisheni. Nilipomaliza kipande changu, mwongozaji akasema nirudie, safari hii kama mtu mwenye haraka na ambaye jambo lenyewe linamchekesha. Nikajua hawakunipenda. Nilirudia bila moyo, nikashukuru, nikaondoka, na hawakunipigia. Kaka aliposikia alisema, "Unaona? Kipaji mtu huzaliwa nacho. Na mimi sikukusomesha ili ukachekeshe watu."

Mwisho kuna bwana mmoja aliyeniona jukwaani. Anasema ni wakala wa waigizaji, na kwamba sura yangu inafaa sana kwenye kamera. Anataka nilipe ada ya kujisajili na ya kupigwa picha, halafu niende kwa usaili wa faragha usiku huko anakofikia. Amekuwa akipiga simu kila mara.

Nisaidie. Nina kile kinachotakiwa, au najidanganya?

Mjane wa Jukwaani

*

Marahaba, mwanangu.

Naanza na huyo bwana uliyemweka mwisho, kwa sababu mengine yote yanaweza kungoja, la kwake haliwezi. Wakala wa kweli anakula pale unapokula wewe. Anakutafutia kazi, unalipwa, ndipo anakata fungu lake. Kwa mfano, Marekani, mawakala wanaotambuliwa na chama cha waigizaji hukata asilimia 10 ya malipo. Anayetaka hela kabla hujapata hata siku moja ya kazi amekwisha kupata faida yake, na hana tena sababu ya kukutafutia chochote. Hilo la ada lingetosha kukutia shaka. La usiku ni zito zaidi. Oktoba 2017 wanawake wa Hollywood walipoanza kusema hadharani yaliyowapata, wengi walisimulia jambo lilelile, kwamba waliitwa kwenye chumba cha hoteli kwa jina la kikao cha kazi. Rushwa ya ngono haijali kama wewe ni mgeni au mzoefu. Usaili wa halali hufanyika ofisini, ukumbini au studio, mchana, watu wakiwepo, na ukija na mtu wa kukusindikiza hakuna anayenuna. Hapa tu, mwanangu, sikupi pande mbili za kupima: usiende, na usitoe hela. Akipiga tena, mwambie akutumie mkataba kwa maandishi, uone kama simu zitaendelea.

Sasa tuje kwako. Unaniuliza kama unacho kinachotakiwa. Nikiisoma barua yako naona mna maswali mawili yaliyofumwa pamoja. Moja ni la kazi yenyewe: kuigiza kunataka nini, na wewe umefikia wapi. La pili ni la kaka: je, una haki ya kutaka kitu ambacho hakukulipia? Umeyaweka chini ya neno moja, kipaji, kana kwamba likithibitika la kwanza, la pili litajijibu lenyewe. Sidhani kama litajijibu. Unaweza kuwa na kipaji cha kutisha na bado kaka akabaki na uchungu wake. Kwa hiyo niruhusu niyatenganishe.

Kuhusu machozi, umeingia bila kujua kwenye ugomvi wa watu wakubwa. Konstantin Stanislavski, aliyeshiriki kuanzisha jumba maarufu la maigizo la Moscow mwaka 1898, alitumia maisha yake yote kutafuta njia ya kumfanya mwigizaji awe mkweli kila usiku, na si ule usiku mmoja wa bahati. Mapema alijaribu kuwafanya waigizaji wachimbue kumbukumbu zao wenyewe, kama ulivyoambiwa uchimbue mazishi ya baba. Huko New York, Lee Strasberg, mmoja wa waanzilishi wa kundi la maigizo lililoitwa Group Theatre, aliishika njia hiyo akaifanya nguzo ya mafundisho yake. Mwenzake katika kundi hilohilo, Stella Adler, hakuipenda. Mwaka 1934 alikutana na Stanislavski mwenyewe mjini Paris, akasoma kwake kwa wiki kadhaa, akarudi na habari kwamba mzee alikwisha kuhama: sasa uzito aliuweka kwenye kuwaza hali ya mhusika na kwenye vitendo vya mwili. Fanya kitendo kwa dhati, kwa sababu ya dhati, na hisia itakuja yenyewe ikitaka. Strasberg na Adler hawakupatana juu ya hilo, na wote wawili wametoa waigizaji wakubwa.

Mama mkongwe wa kikundi chenu pengine hajawahi kulisikia jina la Adler, lakini alichokuambia ni hicho. Na ona kilichotokea. Kumbukumbu ya baba ilikupa machozi siku moja, ikakunyima siku ya pili, ikakudai usingizi. Kifungo kilikupa ukumbi ulionyamaza, na kwa unavyosimulia hakikukudai chochote. Wapo wanaoweza kuchota kwenye msiba wao na kurudi salama. Wapo wasioweza, nao si waigizaji pungufu. Wewe bado hujajijua uko upande gani, na miezi sita ya kurudia onyesho lilelile ni muda mrefu wa kujijaribu kwa kutumia mazishi ya baba yako. Una ruhusa ya kumwambia mwongozaji kwamba mlango huo huufungui. Unaweza kumwambia hivi: niambie unataka watazamaji waone nini, niachie mimi njia ya kufika. Mwongozaji mzuri ataelewa. Akisisitiza lazima iwe kwa njia ya baba, hilo nalo utakuwa umejifunza juu yake kabla hujaondoka naye.

Nina jambo dogo nililoliona wakati nasoma. Makofi umeyataja mara moja, ukapita. Kifungo umekieleza mpaka chini ya kiti na mkeka. Sitaki kukisoma zaidi ya kilichomo, lakini nimesoma barua za watu wanaotaka uigizaji ambao hawakuandika hata mstari mmoja juu ya mazoezi. Zilikuwa za kuonekana, za picha, za kuuza sura. Yako ni ya kazi.

Na usaili je? Nadhani hapa umejihukumu kwa sheria usiyoijua. Anayeendesha usaili ana foleni ya watu nje. Asiyemhitaji humwambia asante, afuataye. Anapokuambia urudie kwa namna nyingine, mara nyingi ameona kitu, na sasa anataka kujua kama unaelekezeka, maana siku ya kurekodi atabadili mambo mara nyingi na hana muda wa kubembeleza. "Fanya kama una haraka na unaona linachekesha" huenda halikuwa na uhusiano wowote na mhusika. Lilikuwa jaribio la masikio yako. Sisemi kwamba ungeirudia vizuri ungepata, maana watu hukosa nafasi kwa urefu, kwa umri, au kwa sababu mwenye kuigiza mama mtu amekwisha kupatikana na hamfanani. Nasema tu kwamba ule uhakika wako, "hawakunipenda", ulitoka kwako, na wewe ndiye uliyemaliza usaili kabla yao.

Kusikiliza kunafundishika. Sanford Meisner, aliyetoka kundi lilelile la Strasberg na Adler, aliwakalisha wanafunzi wake wawiliwawili, mmoja anasema sentensi fupi juu ya mwenziwe, mwenziwe anairudia, na wanaendelea hivyo mpaka mmoja wao anabadilika kwa sababu amesikia kitu kipya kwenye sauti ya mwingine. Linaonekana zoezi la watoto. Jaribu na mwenzako mmoja wa kikundi uone lilivyo gumu. Kadhalika pumzi na sauti, kadhalika mwili, kadhalika kusoma muswada na kujiuliza katika kila onyesho mhusika anataka nini na nani anamzuia. Kamera nayo ina adabu yake. Jukwaani kifungo kile ulipaswa kukitafuta kiasi cha kuonekana na aliyekaa nyuma kabisa. Mbele ya kamera kope ingetosha. Na kama uliinua shati kwenye neno fulani mara ya kwanza, utaliinua kwenye neno hilohilo kila picha inaporudiwa, la sivyo vipande havitaungana. Usaili mwingi wa siku hizi unaanza kwa video unayojirekodi nyumbani: ukuta mtupu nyuma, mwanga usoni, mtu wa kukusomea upande wa pili akiwa kando tu ya kamera ili macho yako yasipotee. Hayo ni mambo ya kujifunza na kurudia. Kaka akisema kipaji mtu huzaliwa nacho huenda ana sehemu ya ukweli, lakini hakuna aliyezaliwa anajua kuinua shati kwenye neno lilelile.

Aibu sitaisemea sana. Umejieleza mwenyewe kwamba ukivaa uhusika haipo. Aibu ya kikaoni na woga wa jukwaani ni vitu viwili, na wewe una cha kwanza.

Kazi sasa. Umeniwekea njia kana kwamba ni mbili, kubaki au kuacha kila kitu. Nadhani zipo zaidi, na kila moja ina gharama yake.

Unaweza kubaki na kuendelea jioni. Utakuwa salama, utaendelea kukua kidogokidogo, na huenda miaka kadhaa baadaye ukaudhika kwa kutojaribu, au ukagundua kwamba jioni zilikuwa zinakutosha. Watu husahau uwezekano huu wa pili. Kuna wanaoigiza maisha yao yote bila kulipwa na hawajioni kama walioshindwa.

Unaweza kwenda hiyo miezi sita kwa likizo bila malipo, kama mwajiri wako anayo. Hapa nakuuliza: umewauliza? Katika barua umesema lazima uache kazi, lakini hukusema nani kakuambia. Taaluma yako ina kitu ambacho waigizaji wengi wangekilipia. Wengi wao hufanya kazi za zamu, kuhudumia wateja usiku ili mchana wawe huru kwa usaili. Wewe kazi yako yenyewe ni ya zamu, na wafamasia wa kujaza nafasi za walio likizo wanahitajika sehemu nyingi. Angalia pia masharti ya usajili wako wa taaluma, kwani katika nchi nyingi leseni huhuishwa kwa kuthibitisha kwamba umeendelea kujifunza. Isije ikakuisha mikononi ukiwa safarini.

Njia ya tatu ni chuo. Faida yake kubwa naiona kuwa ni muda: kushindwa mbele ya walimu badala ya mbele ya waliolipa kiingilio, na kutoka ukiwa na watu mliokua pamoja. Hasara yake ni ada na miaka, na cheti chake hakimlazimishi mtu yeyote kukupa kazi. Katika tuzo za Oscar za mwaka 2014 walikuwepo wawili waliofika kwa njia tofauti kabisa. Lupita Nyong'o, aliyeshinda, alikuwa amemaliza shahada ya uzamili ya uigizaji Yale mwaka 2012, na kabla ya hapo alikwisha kufanya kazi nyuma ya kamera. Barkhad Abdi, aliyeteuliwa, alikuwa dereva ambaye hakuwahi kuigiza. Alijitokeza kwenye usaili wa wazi pamoja na mamia ya watu. Hata kama umri unakutisha, Alan Rickman alikuwa na studio ya usanifu wa michoro kabla ya kuingia chuo cha maigizo London akiwa na miaka 26, na filamu yake ya kwanza ilitoka 1988 amevuka 40.

Lakini hadithi za aina hii zina ulaghai wake, hata mimi ninayezisimulia. Tunazijua kwa sababu ziliishia vizuri. Waigizaji wa Marekani walipogoma mwaka 2023, kwa siku 118, dunia ilipata kuona hesabu za waliobaki: ili mwanachama aingie kwenye bima ya afya ya chama alihitaji kupata angalau dola 26,470 kwa mwaka kutokana na uigizaji, na zaidi ya asilimia 80 hawakufika. Hao ni wanachama, watu waliokwisha kupata kazi za kulipwa, katika nchi yenye filamu nyingi na pesa nyingi. Kwa hiyo ukinipa barua yako niongeze swali moja, lingekuwa hili: kama ungejua kwamba uigizaji hautakulisha peke yake hata siku moja, ungeupangia maisha gani? Lijibu kwa karatasi na kalamu, na akiba yako mbele yako.

Nimemwacha kaka mwisho, ingawa wewe ulimtaja kwanza.

Maneno yake yanauma. Ila jiulize yanatoka wapi. Kijana aliyeahirisha yake ili mdogo wake asome huenda haoni jukwaa kabisa anapokusikia. Huenda anaona mzigo aliokwisha kuutua unarudi mabegani, safari hii akiwa mkubwa zaidi na mwenye watu wengine wanaomtegemea. Au anaona kwamba alichojinyima hakina maana tena. Au, na hili nalo lipo, amezoea kukuamulia na hajui kuacha. Mimi simjui. Wewe unamjua, lakini katika barua nzima sikuona mahali ulipomuuliza anaogopa nini. Wala hukuniambia kama amewahi kukaa kwenye kiti na kukuona.

Shukrani unayo na inakupasa. Kama inadai uishi maisha aliyoyachora yeye, hilo ni lenu wawili kulizungumza, na singependa niwe mtu wa kulikata kutoka huku mbali. Unaweza kwenda kwake na hesabu badala ya ndoto: hiki ndicho nitakachoishi nacho kwa miezi sita, hii ndiyo kazi nitakayorudia, hivi ndivyo sitakuomba. Inawezekana bado akakataa. Inawezekana ukakubali kumsikiliza, au ukaenda bila baraka zake na mkakaa kimya muda mrefu. Yote mawili yana maumivu, na ni wewe utakayeyabeba.

Kabla ya hapo kuna barua fupi ya kuandika, ya kuuliza idara ya utumishi kuhusu likizo bila malipo. Mwisho wa mwezi haujafika. Ukiipeleka wiki hii, utakaa na kaka ukiwa tayari una jibu lao mkononi.

Wako,
Bi Mshauri